Nakubaliana na Aliyetangulia

Katika kitengo kile cha dawa zinazodhibitiwa, hakuna mtu aliyewahi kupata matatizo kwa kuandika maneno matatu: nakubaliana na aliyetangulia. Wapo waliopandishwa vyeo kwayo. Swali likitoka juu huwekwa ndani ya faili la bluu, kisha faili huzunguka meza saba. Wa kwanza ndiye anayetoka jasho, kwa sababu ni lazima asome, apime, na aandike maoni kamili pamoja na sababu zake. Wa pili mpaka wa saba wana njia mbili. Anayepinga aandike naye ukurasa wake mzima, na ajiandae kuitwa kuueleza. Asiyetaka shida anaandika yale maneno matatu, anatia sahihi, anakwenda kunywa chai.

Munirah alikuwa meza ya kwanza. Alikuwa mfamasia mwenye miaka kumi na minne kazini, Mnubi aliyezaliwa na kukulia Old Kampala, chini kidogo ya msikiti mkubwa, na sifa yake ofisini ilikuwa moja tu: hapindiki. Aliwahi kukuta kalamu ya wino aliyoachiwa mezani na mwenye kampuni fulani ya dawa, akamkimbiza yule bwana mpaka kwenye ngazi ili amrudishie. Watu walicheka wiki nzima. Lakini walikuwa wakimwamini, na kila neno lake ndani ya faili lilichukuliwa kama lilivyo.

Basi Februari ile faili la bluu lilipotua mezani kwake, swali lililokuwamo lilikuwa hili: je, madaktari waruhusiwe kuwaandikia mafuta ya bangi wagonjwa ambao dawa nyingine zimeshindwa? Kamati ilitaka maoni ya wataalamu wa afya ya umma kabla ya mwezi kwisha. Munirah alilisoma mara moja. Akalifunga faili, akaenda msalani, akafungua bomba na kunawa uso.

Nyumbani alikuwa na Aol.

Aol alikuwa na miaka tisa, na kifafa kilimwanza kabla hajatimiza mwaka mmoja na nusu. Jina hilo alipewa na upande wa baba yake, Olal, askari polisi kutoka kaskazini. Upande wa mama walimwita Sumayiya, naye aliitika yote mawili. Alipokuwa na miaka mitano alijua kuhesabu mpaka ishirini kwa lugha tatu, na jamaa walikuwa wakimsimamisha juu ya kiti awahesabie wageni. Kisha degedege likazidi. Kwanza alipoteza Kinubi cha bibi yake. Mwaka uliofuata kikaondoka Kiacholi cha baba. Sasa alikuwa amebaki na Kiswahili, kile wazazi wake walichooana nacho, na hicho nacho kilikuwa kinamtoka neno moja moja.

Alikuwa amekwisha kunywa dawa za aina nne. Daktari wake, Rosalba, aliwaambia wawe na daftari la shule, na kila Aol akianguka wachore mstari mmoja. Siku njema ilikuwa na mistari minane. Bibi yake, Maimunah, mzee ambaye vidole vyake vilikuwa vimezoea kusuka vifuniko vya chakula vya rangi, alimshonea mjukuu kofia ya kitambaa iliyojazwa pamba, ili kichwa kikigonga sakafu kisipasuke. Mtoto aliipenda kofia ile hata akawa halali bila ya kuivaa.

"Mimi siwezi sema itaponya," Rosalba aliwahi kumwambia Munirah kuhusu mafuta yale. "Nisikudanganye, nnyabo. Lakini kwa watoto kama huyu, kuna wengine degedege yao inapungua nusu. Na hii mafuta haileweshi. Niko na watoto kumi na mbili wanangoja, Aol ni mumoja."

Daktari huyo alikwisha andika maombi kumi na mawili ya kibali. Yote yalikuwa yamelala kwenye kamati, yakisubiri maoni ya kitengo. Na maoni ya kitengo yalianzia kwenye meza ya Munirah.

Alikwenda kwa mkuu wa kitengo, Daktari Abwola, mwanaume mnene mpole aliyekuwa na miezi kumi na minane tu kabla ya kustaafu, akamwomba amwondoe kwenye faili lile. Alisema wazi kwamba ana mtoto mgonjwa na jina la mtoto huyo limo ndani ya maombi.

Abwola akavua miwani. "Munirah, hapa nani hana mutoto? Nikikutoa wewe, nani anajua dawa kama wewe? Andika kama mfamasia. Mama uache nyumbani."

"Na kama watu watasema?"

"Watasema nini? Wewe hata kalamu ulirudisha."

Hapo ndipo shida ilipoanzia, kwa sababu Munirah aliyachukua maneno yale kama amri. Kutwa nzima alifikiria jinsi ya kumwacha mama nyumbani, na kadiri alivyofikiri ndivyo alivyozidi kujiogopa. Akiandika neno moja la kuunga mkono, je, ni mfamasia aliyeliandika au ni yule mama mwenye daftari la mistari? Hakuweza kujua. Mtu anayejishuku namna hiyo hana mizani tena, ila yeye hakuliona hilo. Aliona uaminifu.

Kesho yake, kwenye chai ya saa nne, mazungumzo yalikuwa juu ya faili lile lile. Wahudumu walileta chai ya maziwa na kabalagala, zile chapati ndogo za ndizi, na watu wakaanza kusema ya moyoni, maana kwenye chai hakuna anayetia sahihi.

"Mimi ningekubali," alisema Nabintu, mwanamke wa takwimu, aliyekuwa akikaa Kyambogo na kuja kazini amebeba kompyuta mbili. "Tuweke mulango moja ndogo. Wagonjwa wachache, hospitali moja, tuandike kila kitu. Sasa mutu atapata wapi takwimu ya hapa kwetu kama hakuna hata mutu mumoja anakunywa?"

Olweny, aliyeshughulikia vijana na ulevi, alitikisa kichwa. Kila Jumatano alikuwa mtaa wa Kabalagala, nyuma ya zile baa, akihudumia vijana walioharibiwa akili na njaga, yaani bangi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka. "Nyinyi munasema mafuta. Mimi naona watoto wanaongea na ukuta. Siku tukisema njaga ni dawa, mimi nitawaambia nini hawa?" Akamega kabalagala. "Lakini mutoto wa kifafa, huyo ni kitu ingine. Huyo mimi siwezi kumukatalia."

Abwola naye akasema kwamba akiulizwa yeye, mlango mdogo ungetosha. Wengine wakaguna kukubali. Munirah alishika kikombe kwa mikono yote miwili, akainama, asionekane uso. Karibu kila mtu mezani pale alikuwa upande wa mwanawe! Alitamani kuinuka awabusu mikono mmoja mmoja.

Akarudi mezani kwake akiwa mwepesi, akaandika.

Aliandika kwa ukali kuliko faili lolote aliloandika maishani. Kwamba utafiti wa nje haujathibitishwa kwa watoto wetu. Kwamba hakuna takwimu za hapa nchini. Kwamba hatuna maabara ya kupima nguvu ya mafuta yale. Kwamba kwa sababu hizo kibali kisitolewe kwa mgonjwa yeyote, hata kwa njia ya pekee, mpaka takwimu zipatikane. Aliisoma sentensi hiyo ya mwisho mara tatu, akaiacha ilivyo. Hesabu yake ilikuwa rahisi. Yeye mkono wake utabaki safi, na Nabintu ataandika "lakini". Olweny ataandika "lakini" kwa ajili ya watoto wa kifafa. Abwola atafungua ule mlango mdogo. Mlango ukifunguliwa na wengine, hakuna atakayesema mama wa Aol alijifungulia mwenyewe.

"Lakini" moja tu ilitosha. Kati ya watu sita, akosekane mmoja wa kuiandika?

Wiki ile alikuwa mchangamfu mpaka Maimunah akamuuliza kama amepewa cheo. Alimkalisha Aol mapajani, akamfunga vizuri kamba za kofia, akamwambia kwamba dawa mpya inakuja. Aol akasema, "Kuja," akacheka. Siku hiyo daftari lilikuwa na mistari kumi na moja.

Kwa desturi ya kitengo, faili likimaliza kuzunguka hurudi kwa aliyeanza, ili ayapige chapa maoni yawe safi na kuyagonga mhuri. Lilirudi Alhamisi. Munirah alilifungua amesimama, mkoba bado begani.

Meza ya pili, Nabintu: nakubaliana na aliyetangulia. Ya tatu, Olweny: nakubaliana na aliyetangulia. Ya nne, ya tano, ya sita, hivyo hivyo. Na chini kabisa, kwa wino wa kijani wa mkuu wa kitengo: nakubaliana na waliotangulia. Yapelekwe.

Alimfuata Nabintu mpaka ofisini kwake, akamkuta anachomeka nyaya za kompyuta zake. Munirah hakumsalimu.

"Kwenye chai ulisema mulango moja ndogo."

Nabintu alimtazama kwa huruma ya kweli. Hilo ndilo lililomvunja zaidi. "Nilisema, Mama Aol. Nilikuwa naanza hata kuandika. Halafu nasoma ya kwako. Najiuliza, huyu ni mama. Mutoto yake ni mugonjwa. Kama yeye mwenyewe anakataa, basi iko kitu anajua ambayo mimi sijui. Ungeandika ndiyo, mimi ningekuamini. Umeandika hapana, nimekuamini mara mbili."

"Olweny je?"

"Sisi wote tulisema hivyo. Tulikuheshimu."

Waliheshimu! Watu sita wazima, wenye shahada zao, walimheshimu mpaka wakamfungia mtoto mlango. Wala Munirah hakuwa na haki ya kuwakasirikia, kwa sababu ufunguo waliutoa mkononi mwake. Alikwenda kwa Abwola, akaomba aongeze mstari mmoja tu. Abwola alikuwa tayari amekwisha vaa koti. Wino wa kijani ukishakauka, alisema, hakuna anayeongeza. Na akiongeza sasa, kamati itasema mama ameamka. Maoni yatapitiwa tena baada ya mwaka, avumilie.

Munirah akarudi, akapiga chapa, akagonga mhuri. Hiyo ilikuwa kazi yake.

Hakumwambia Olal. Kila jioni alijiapiza kumwambia, na kila jioni alikuta sababu ya kungoja. Mwezi wa tano bahasha zikatoka kwenye kamati, moja kwa kila mzazi kati ya wale kumi na wawili. Ya Aol ilipokewa na baba yake Jumamosi mchana, akiwa bado na sare, na ndani ya barua ya kukataa walikuwa wameambatanisha maoni ya wataalamu, ili mzazi aelewe. Wa kwanza kwenye orodha ya majina alikuwa mkewe.

Olal hakuwa mtu wa kupaza sauti. Aliweka karatasi mezani, juu ya kitambaa cha Maimunah, akaweka kidole chini ya jina.

"Hii ni nani?"

"Ni mimi."

"Wewe umeandika hii? Hata kwa njia ya pekee? Hii neno ni yako?"

"Nilidhani wengine wataongeza. Olal, wallahi nilidhani wataongeza. Sikutaka watu waseme nimependelea."

"Mimi nimechoma njaga, magunia kwa magunia, kwa amri ya serikali," alisema Olal. "Nimesimama kwa ile moshi. Kila mara nawaza, kumbe ndani ya hii kitu iko ile ya mutoto yangu, tone moja. Najiambia, tulia, muke yako iko huko juu, iko na watu wenye akili, atasema." Akavua kofia yake ya polisi, akaitazama kama haijui. "Sasa kama hukupendelea mutoto yako, nani atamupendelea?"

Kwenye mkeka Aol alikuwa akipanga vifuniko vya chupa, anahesabu: moja, mbili, mbili, mbili. Tatu ilikuwa imekwisha ondoka.

Kuanzia siku hiyo Olal alilala sebuleni, karibu na mtoto. Walizungumza mambo ya unga na dawa tu. Rosalba akakata rufaa kwa ajili ya wote kumi na wawili, na rufaa ikajibiwa kwa kunakili maoni yale yale.

Aol alifariki Jumanne moja ya mwezi wa nane, saa nne na dakika kadhaa asubuhi. Bibi yake alikuwa amemwogesha na anamfunga kofia alipoanguka, na safari hii mwili haukutulia. Maimunah alitia ile dawa ya dharura kama alivyofundishwa. Alingoja, akapiga kelele, majirani wakaja. Jirani mwenye pikipiki akamweka bibi nyuma na mtoto katikati. Walifika hospitali dakika arobaini baadaye. Mtoto alipokata roho njiani, Munirah alikuwa kwenye chai. Simu yake ilikuwa mezani, inatetemeka peke yake juu ya mafaili.

Labda mafuta yale yasingefanya lolote. Ni kweli, wapo watoto yasiowasaidia. Munirah alijua takwimu hizo kwa moyo, nazo zilikuwa za watoto wa nchi nyingine. Kwa Aol hakuna ajuaye, na hakuna atakayejua, na hilo ndilo alilolibeba njia nzima ya kaskazini nyuma ya jeneza dogo, mpaka kwao Olal, wakamzika. Maimunah alikataa kumvua kofia. Wakamwacha nayo.

Ofisi ilileta gari zima la watu. Nabintu alilia kuliko baadhi ya ndugu. Olweny alichukua jembe akafukia pamoja na wajomba, shati limelowa. Walikuwa watu wema, wote, na Munirah alitamani wangekuwa wabaya.

Baada ya maziko Olal alibaki kwao. Alisema likizo. Likizo ikaisha, akaomba uhamisho.

Mwaka ulipotimia, faili la bluu likarudi. Rosalba alikuwa ameandika tena, kwa jina la watoto kumi na mmoja, na kamati ikataka maoni yapitiwe upya. Safari hii Munirah hakuomba kuondolewa na hakwenda msalani. Aliandika siku mbili. Aliandika kama mfamasia: tafiti, vipimo, madhara, jinsi ya kuanza na hospitali moja na kuhifadhi kumbukumbu. Kisha aliandika kama mama, na hakuficha. Aliandika kwamba mwaka uliopita alikataa jambo aliloamini ni sahihi, kwa kuogopa kuonekana anapendelea, na kwamba wenzake walimfuata kwa sababu hiyo tu. Nilikosea, aliandika. Msinifuate tena kwenye kosa lile. Wale kumi na mmoja wako hai. Aliambatanisha daftari lote la Aol, mistari ya miaka minne. Takwimu za hapa nchini ndizo hizo.

Faili likazunguka. Alingoja siku sita, na hakujizuia kutumaini. Alitumaini kwa ajili ya watoto asiowajua, mpaka akawa haoni njaa.

Lilirudi Ijumaa, kabla ya adhana ya mchana. Meza ya pili safari hii alikuwa Olweny, na Olweny, aliyefukia kaburi, alikuwa ameandika ukurasa wake kwa mkono mzuri wa taratibu:

"Tunampa pole dada yetu kwa msiba mkubwa. Maoni haya yameandikwa na mama aliyefiwa, na si haki kumbebesha uamuzi huu akiwa katika majonzi. Kwa heshima yake, napendekeza yasihesabiwe, jina lake lisiwekwe, na daftari lirudishwe kwa familia. Yabaki maoni yake ya mwaka jana, ambayo aliyaandika akiwa ametulia."

Meza ya tatu, Nabintu: nakubaliana na aliyetangulia. Ya nne, ya tano, ya sita, hivyo hivyo. Na chini, wino wa kijani: nakubaliana na waliotangulia. Yapelekwe.

Munirah alitoa daftari ndani ya faili, akaliweka kwenye mkoba wake. Kwenye korido watu walikuwa wanaitana chai, na mtu mmoja alibisha mlangoni kwake kwa upole akamuuliza kama atakuja. Akasema anamalizia kitu. Na kwa kuwa faili hurudi kwa aliyeanza, alivuta kiti, akafungua maoni yake ya mwaka jana, akabadilisha tarehe, akafuta jina lake, na akaanza kuyapiga chapa upya, neno kwa neno, mpaka mahali palipoandikwa: hata kwa njia ya pekee.